Maradhi ya Kutapika na Kuharisha ya Siku za Baridi, na Haki ya Jirani Katika Safu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa yake, akampa mwanaadamu akili ya kuitafuta. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu,

Imetufikia katika darasa letu barua ya kijana mmoja wa pwani yetu ambaye hivi sasa yuko Uingereza kwa kazi. Asema kwamba kila yaingiapo majira ya baridi, katika mji akaao huzuka maradhi ya kutapika na kuharisha, yakawaangusha watu wazima wenye nguvu zao, mmoja baada ya mmoja. Katika Ramadhani ya mwaka 2025, ambayo ilianza pamoja na mwezi wa Machi, watu wa msikiti wao walifuturu pamoja, na baada ya usiku mmoja wengi wao walikuwa hawawezi kuinuka. Yeye akakaa nyumbani, hakuenda Tarawehe wala Ijumaa. Baadhi ya wenziwe wakamwambia kuwa imani yake ni haba, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amesema kwamba hapana maradhi ya kuambukiza.

Basi atuuliza mambo matatu. La kwanza: je, ni kweli kwamba maradhi haya hutoka kwa mtu yakaenda kwa mwengine, na hiyo hadithi ifahamike vipi? La pili: je, aliyebaki nyumbani ana dhambi, na mgonjwa asali namna gani? La tatu: je, mwenye kutawadha mara tano kwa siku bado ana haja ya sabuni?

Tumeona jawabu lake litufae sote, maana sisi tulioko huku tuna haja nalo zaidi kuliko yeye.

MARADHI HAYA NI YAPI?

Wanavyuoni wamesema kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hivyo tuanze kwa kuyafahamu maradhi yenyewe.

Mwaka 1929 tabibu mmoja wa Marekani, jina lake John Zahorsky, aliyaandika maradhi haya na akayaita maradhi ya kutapika ya majira ya baridi. Asili yake ilikuwa haijulikani. Kisha mwezi wa Oktoba 1968, katika mji wa Norwalk ulio katika jimbo la Ohio, nusu ya wanafunzi na walimu wa skuli moja waliugua kwa muda mfupi. Vipimo vikahifadhiwa, na mwaka 1972 mtaalamu Albert Kapikian pamoja na wenzake wakakiona kwa darubini ya elektroni kile kilichowaangusha. Kilikuwa kirusi kidogo mno. Kikaitwa kwa jina la mji ule, na leo jamaa yake nzima huitwa norovirusi. Mwaka wa pili yake, 1973, Ruth Bishop na wenzake katika mji wa Melbourne, Australia, walikigundua kirusi kingine kiitwacho rotavirusi, ambacho ndicho adui mkubwa wa watoto wachanga, na ambacho humpata pia mtu mzima mwenye kuwauguza. Viko na vyengine, kama sapovirusi na astrovirusi. Lakini kwa watu wazima, norovirusi ndiyo iliyotangulia mbele ya vyote.

Dalili zake ni hizi. Mtu akisha kuipata, hukaa baina ya saa 12 na saa 48 hana alijualo. Kisha kwa ghafula huchafukwa na moyo, akatapika, akaharisha maji matupu, tumbo likamkata, viungo vikamuuma, na pengine akashikwa na homa ndogo. Wengi hupona baada ya siku moja hata tatu. Na katika wepesi huo ndimo ilimojificha khatari yake, kwa sababu mambo matatu.

Kwanza, virusi visivyofika mia vyatosha kumwangusha mtu mzima, na hali kinyesi cha mgonjwa, hata kipande kidogo kisichoonekana ukuchani, huwa na virusi vingi visivyo na idadi. Pili, matapishi nayo hubeba virusi, vikatua juu ya mikeka, vitasa vya milango na mifereji, vikakaa hapo siku nyingi navyo vi hai. Tatu, mtu akisha kupona na kujiona mzima, huendelea kuvitoa kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na siku mbili za mwanzo baada ya kupona ndizo kali kabisa.

Huko katika nchi za kaskazini maradhi haya huzidi tangu Novemba hata Aprili. Watu hufunga madirisha, wakasongamana ndani, na kirusi chenyewe hudumu zaidi penye baridi. Mwezi wa Februari 2025 hospitali za Uingereza zilikuwa na wagonjwa wa norovirusi zaidi ya 1,000 vitandani kila siku. Marekani huhesabiwa watu baina ya milioni 19 na milioni 21 wenye kuugua kwa mwaka, na wapata 109,000 kati yao hulazwa, na wapata 900 hufa, wengi wao wazee wa miaka 65 na zaidi. Ama ulimwengu mzima, makadirio ya wataalamu ni watu milioni 685 kwa mwaka na vifo 200,000, na vingi vya vifo hivyo ni katika nchi za watu masikini.

Basi asiseme mtu kuwa haya ni maradhi ya Wazungu na theluji yao. Theluji hatuna, lakini mikono tunayo, na visima, na masinia. Kwetu sisi hayangoji majira. Huja wakati wowote yapatapo njia, na sisi tukayaita tumbo la kuendesha, tukasahau.

JAWABU LA SUALA LA KWANZA

Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) amekanusha uambukizo. Lakini mwenye kuishika hadithi hiyo peke yake ameshika nusu ya elimu akaiacha nusu. Kwani Mtume yule yule (s.a.w.) ameamrisha kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke penye ngamia wazima. Na ametukataza tusiingie katika nchi iliyo na tauni, wala tusitoke humo kwa kuikimbia ikiwa tumo ndani yake. Lau maradhi hayana njia ya kutoka hapa kwenda pale, makatazo hayo yangekuwa na faida gani?

Wanavyuoni wamezikusanya hadithi hizi wakasema: Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakiitakidi kwamba maradhi hutembea kwa nguvu zake yenyewe, bila ya amri ya Mungu. Itikadi hiyo ndiyo iliyokanushwa. Na ndiyo maana Bedui mmoja aliposema juu ya ngamia mwenye upele ambaye huwaingilia wazima akawaambukiza, Mtume (s.a.w.) alimrudishia suala: ni nani aliyemwambukiza yule wa kwanza? Yaani mrejeo wa yote ni kwa Mwenyezi Mungu. Ama kwamba Mwenyezi Mungu ameyawekea mambo sababu zake, hilo halikukanushwa. Moto huunguza kwa idhini yake, na hapana Mwislamu atiaye mkono wake motoni kwa kutegemea idhini hiyo.

Na Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa safarini kwenda Sham akafika Sargh, alipata khabari kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na masahaba, kisha akaazimia kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anaitoka kadari ya Mungu na kuiendea kadari nyengine ya huyo huyo Mungu. Hata Abdurrahman bin Auf alipokuja na hadithi ya tauni, Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwa rai yake imeafikiana na neno la Mtume wake. Basi ni nani baina yetu mwenye imani zaidi kuliko Umar?

NILILOLIFANYA MIMI MWENYEWE

Hapa sina budi kusimulia jambo ambalo, lau si amana ya elimu, ningelificha.

Miaka kadha iliyopita nilishikwa na maradhi haya usiku wa kuamkia Jumatano. Nilitapika na kuharisha hata sikuweza kusimama. Alkhamisi jioni yalikatika, na Ijumaa nikajiona mzima, nikamshukuru Mungu. Baada ya sala palikuwa na khitima katika nyumba ya jirani, nikaitwa niisome, nikaenda. Tukasoma, pakaletwa pilau katika masinia, tukakaa watu sita kwa sinia moja. Ubavuni pangu alikaa mzee wetu mmoja, rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye tangu udogo wangu nalimwita ami. Alikuwa amepindukia miaka themanini, meno hana. Kwa kumtukuza, nikamchambulia nyama kwa vidole vyangu, nikamwekea mbele yake, kipande baada ya kipande, na yeye akila na akiniombea dua.

Mikono nilikuwa nimeiosha, kama tunavyoosha sote: birika likamiminwa, maji yakapita juu ya vidole, nikajipangusa. Sabuni haikuwako, wala mimi sikuitaka.

Usiku wa Jumamosi mzee yule akaanza kutapika, na katika watu wa sinia lile hapana aliyesalimika isipokuwa mimi. Wale wanne waliobaki walipona. Ama yeye, watu wa nyumbani mwake walisema kuwa amepatwa na kijicho siku ya khitima. Wakamletea kombe, wakampigia ramli, na maji wakamnyima, kwa kudhani ya kwamba akinywa atazidi kuharisha. Mimi nikaenda kumzuru, nikamsomea, nikarudi, wala sikusema neno juu ya kombe wala juu ya maji. Siku ya tatu akapelekwa hospitali, mafigo yamekwisha kusimama. Akafa kabla ya alfajiri.

Siwezi kuapa kuwa ni mkono wangu uliomfikishia, wala siwezi kuapa kuwa siwo. Mwaka mzima baadaye, nilipokwisha kusoma na kuuliza matabibu na kuyafahamu haya ninayokuelezeni, nilikwenda kwa wanawe nikawaeleza na nikawataka msamaha. Mkubwa wao akaniambia, “Maalim, hukujua, na sisi hatukujua. Mungu atusamehe sote.” Nikamwambia, “Amin. Lakini sasa najua, na mwenye kujua hana udhuru.”

Ndugu zangu, na nyinyi sasa mumekwisha kujua.

JAWABU LA SUALA LA PILI

Kijana wetu aliyebaki nyumbani hana dhambi. Bali ikiwa mwenyewe alikuwa mgonjwa, au ametoka katika ugonjwa karibuni, basi amefanya lililompasa.

Ugonjwa ni udhuru wa kuacha jamaa na Ijumaa. Hilo limo katika vitabu vyetu vyote vya fiqhi. Na Mtume (s.a.w.) amemkataza aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji kibichi asiukaribie msikiti, kwa sababu ya kuwaudhi wenziwe kwa harufu. Ikiwa harufu, ambayo haimwui mtu wala haimlazi kitandani, ni sababu ya kumrudisha mtu mlangoni, je, maradhi ya kumwua mzee aliye safu ya mbele? Hii ndiyo ile kiasi ambayo wanavyuoni huiita kiasi ya aula, yaani lililo dogo likikatazwa, lililo kubwa zaidi lina haki zaidi ya kukatazwa. Na juu ya hayo iko kanuni kubwa katika dini yetu, ya kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe.

Kwa hivyo, aliyeugua maradhi haya na asali nyumbani, na baada ya kutapika na kuharisha kukatika angoje siku mbili kamili, yaani saa 48, ndipo arejee msikitini. Ijumaa ikimkuta katika muda huo, atasali Adhuhuri. Wala asisononeke kwa thawabu zilizompita, kwani Mtume (s.a.w.) ametupa bishara kuwa mgonjwa na msafiri huandikiwa amali walizokuwa wakizifanya walipokuwa wazima, wamo mijini mwao. Na mwenye kupika kwa ajili ya watu, awe mpishi wa harusi au mama wa nyumba, asiingie jikoni katika muda huo, maana chungu kimoja hufika katika nyumba khamsini.

Ama namna ya kusali, dini ni nyepesi. Mgonjwa asiyeweza kusimama atakaa, na asiyeweza kukaa atalala. Ikiwa kuharisha kumekatika hata kwa muda wa sala moja, atawadhe na asali katika muda huo. Na ikiwa hakukatiki, basi ni kama mwenye hadathi ya daima: wakati ukisha kuingia atajisafisha, atajifunga kitambaa safi, atatawadha, na atasali papo hapo bila ya kukawia. Akitokwa na kitu ndani ya sala, itatimia sala yake. Na ikiwa maji yatamdhuru, atatayamamu. Ama kukusanya sala mbili kwa ajili ya ugonjwa, lililo mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba haijuzu. Lakini Imamu Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu hayo, ameiona kauli ya kujuzu kuwa ina nguvu na akaikhitari. Mwenye kuzidiwa na akaifuata, hana lawama.

Na saumu vile vile. Ramadhani ya miaka hii imerudi katika miezi ya baridi ya Ulaya, na maradhi haya humkuta mtu katikati ya mchana amefunga. Kutapika kusikokuwa kwa kusudi hakuvunji saumu. Lakini mwili unaomwaga maji kwa njia mbili na hauingizi, huo u katika khatari. Afungue, anywe, na alipe siku nyengine. Mwenyezi Mungu ametutakia wepesi katika jambo hili wala hakututakia uzito, na mwenye kuikataa rukhsa yake hata akafa hakujipatia ushujaa.

JAWABU LA SUALA LA TATU

Udhu ni ibada. Huondoa hadathi, na humfungulia mtu mlango wa sala. Sharti yake ni maji yenye kutohara kupita juu ya kiungo. Lakini sheria haikusema popote kuwa maji hayo yakipita mara tatu juu ya kiganja yatakuwa yameondosha kila kidudu kilichoshikamana nacho. Tusiibebeshe ibada kazi ambayo haikuwekewa, kisha tukawacha kazi yenyewe.

Na mwenye kuitazama sunna ataona kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe ametutenganishia mambo haya mawili. Imepokewa kwa Bibi Maimuna (r.a.), alipoeleza namna Mtume (s.a.w.) alivyokoga janaba, kwamba alipokwisha kujistanji aliusugua mkono wake katika ardhi au ukuta, kisha akauosha, ndipo akatawadha. Tazameni mpango huo. Mkono ulisuguliwa kwanza kwa kitu chenye kukwangua, na udhu ukaja baadaye. Udongo ndio uliokuwa ukipatikana. Leo inapatikana sabuni katika kila duka. Aidha ametuamrisha kwamba aamkaye usingizini asitie mkono wake chomboni mpaka aoshe mara tatu, kwani hajui mkono huo ulilala wapi. Basi ikiwa ni hivyo kwa asiyejua, je, kwa mwenye kujua?

Kwa hivyo, tokapo chooni, na kabla ya kula, na kabla ya kupika, na baada ya kumsafisha mgonjwa au mtoto, sugua viganja, baina ya vidole, migongo ya mikono na chini ya kucha, kwa sabuni na maji yenye kutiririka, kwa muda usiopungua sekunde 20. Hapo ndipo virusi hung'oka vikenda na maji.

Na tangu mwaka 2020, ilipokuja korona, wengi wetu tumezoea kubeba vichupa vya dawa ya spiriti ya kupaka mikononi, na watu wakajadiliana sana juu ya utohara wake. Katika maradhi haya mjadala huo hauna haja. Kirusi cha korona kina ganda la mafuta, na spiriti huliyeyusha. Norovirusi haina ganda hilo, na spiriti haiiwezi sawasawa. Dawa ya mikono hapa ni sabuni na maji.

KUMWUGUZA MGONJWA

Yapasa niseme na nyinyi dada zangu na mama zangu, kwani nyinyi ndio mnaoinama kufuta matapishi usiku wa manane, na nyinyi ndio mnaougua baada yake, bila ya kutajwa. Kazi hiyo ni katika amali kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini haikupaseni nyinyi peke yenu. Mume na mtoto wa kiume aliyebaleghe pia wana mikono.

Matapishi kwa mujibu wa fiqhi yetu ni najisi, na hukumu ya najisi mwaijua: huondolewa ile ain yake kwanza, kisha mahali pake pakaoshwa. Fanyeni hivyo hivyo na mzidishe jambo moja. Vaeni mipira ya mikononi au mifuko ya nailoni, ondosheni kwa karatasi au vitambaa vya kutupwa, kisha mwagieni dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, vijiko viwili vya mezani katika lita moja ya maji, iwache ikae dakika kumi, ndipo muoshe. Wala msiichanganye na dawa nyengine ya chooni, maana hutoa moshi wa sumu. Nguo na mashuka yafuliwe kwa sabuni na maji ya moto, peke yake.

Na mgonjwa anyweshwe. Hili ndilo lililomwua mzee wetu, nami nalirudia: mgonjwa anyweshwe. Kumnyima maji mwenye kuharisha ni kumwongoza kaburini. Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha mpeni kijiko kimoja kimoja. Chukueni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, mtie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visijae kupita ukingo, au mnunue pakiti ya dawa hiyo tayari katika duka la dawa. Sukari humfungulia njia chumvi katika matumbo, na chumvi huvuta maji. Watu wasiidharau kwa urahisi wake. Dawa hii ilijaribiwa mwaka 1968 katika mji wa Dhaka, mji wa Waislamu wenzetu, uliokuwa wakati huo katika Pakistan ya Mashariki. Na mwaka 1971 vita vilipowatupa watu wa nchi hiyo makambini kwa mamilioni, na kipindupindu kikawaingilia, tabibu Dilip Mahalanabis aliwanywesha kwa vikombe wagonjwa asioweza kuwatia maji ya mishipa, na vifo kambini mwake vikapungua sana. Bedui na mjini, tajiri na masikini, wote dawa yao ni hiyo moja.

Vidonge vya kuua bakteria ambavyo watu hujinunulia wenyewe havifai kitu juu ya virusi. Mchukueni mgonjwa hospitali upesi ikiwa ni mzee sana au mtoto mchanga, au ana mimba, au ana sukari au maradhi ya moyo, au mkojo wake umekatika, au macho yameingia ndani na akili inapotea, au ana damu katika choo, au anaharisha kama maji ya mchele, kwani hiyo huenda ikawa ni kipindupindu. Msomeeni Qur'ani, kwani ni shifaa. Lakini aliyeiteremsha Qur'ani ndiye yule yule aliyeumba maji na chumvi, na Mtume wake (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Ama kombe lililoandikwa kwa wino usiojulikana, likasuuzwa kwa maji ya kisima kisichochemshwa, na ramli na hirizi, hayo hayana asili katika dini wala katika tiba. Na chanjo ya rotavirusi, ambayo hapa Kenya hupewa watoto wachanga tangu Julai 2014 kwa matone ya mdomoni, msiwanyime watoto wenu. Norovirusi hivi tuandikapo bado haina chanjo itolewayo kwa watu wote, na kwa hivyo tegemeo letu, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mikono yetu.

LINALOTUPASA SOTE

Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuwama, na ameonya juu ya kwenda haja penye njia za maji. Leo tunachimba shimo la choo hatua chache kutoka kisima cha jirani, kisha tunakaa katika safu moja naye tukasema amin pamoja. Hiyo ni dhulma, hata kama hapana mahakama inayoisikiliza. Mwenye nyumba aipime haki ya jirani yake kabla ya kupima kiwanja chake. Na mwenye kutumia kisima cha namna hiyo, achemshe maji ya kunywa.

Na misikiti yetu, Mungu awajazi kheri wenye kuitoa wakfu, ina mazulia mema na taa nzuri. Lakini ingia vyooni mwake uitafute sabuni. Iko misikiti ambayo watu bado wanachota udhu katika hodhi moja kwa mikono, mgonjwa na mzima. Nawanasihi walio juu ya misikiti hiyo watie mifereji. Na wewe ndugu yangu unayetaka kumfanyia sadaka marehemu wako, usidhani kuwa wakfu ni msahafu na mkeka tu. Toa wakfu wa sabuni. Sisi wa darasa hili tumeanza, kila mtu huleta miche miwili mwanzo wa mwezi, na katika khitima zetu birika haliletwi ila sabuni iko pamoja nalo. Ami yangu yule nimemnuilia sehemu yangu.

Ee Mola wetu, msamehe aliyekufa kwa kutojua kwetu, na utusamehe sisi tuliojua baadaye. Waponye wagonjwa wetu, wa hapa na walio ugenini. Tutoharishie mikono yetu kama ulivyotuamrisha kuitoharisha nyoyo zetu, na utufanye katika wale ambao majirani zao wamesalimika nao. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.